Marhamu ya Mentoli Isiyotoa Chembe: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wanaotengeneza marhamu ya kuchua kwa mentoli hukwama palepale. Siku ya kwanza marhamu ni laini, baada ya wiki ina chembe kama mchanga. Au jikoni ilinukia hadi macho yakatoa machozi, lakini ukiipaka huhisi ubaridi wowote. Au upande mmoja wa kopo hauna nguvu, na upande wa pili unaunguza ngozi.

Makosa yote matatu hutokana na jambo moja: mentoli imeingizwa kwenye joto lisilo lake. Ukishika sehemu hiyo, kazi iliyobaki ni kupima na kukoroga tu.

## Tabia za mentoli zinazoamua kazi yako

Mentoli ndiyo inayoyapa mafuta ya mnanaa harufu kali na ule ubaridi. Kwenye joto la kawaida ni fuwele ngumu, nyeupe au zisizo na rangi, nyingi zikiwa na umbo la sindano. Mentoli ya asili huyeyuka kati ya nyuzi 42 na 45 za Selsiasi na kuchemka karibu na nyuzi 212.

Lakini haisubiri kuchemka ndipo iondoke. Hata ikiwa ngumu hugeuka mvuke polepole bila kupitia hali ya kimiminika, na mvuke huo ukigusa kitu baridi hurudi kuwa fuwele. Fungua chupa ya mentoli iliyokaa miezi kadhaa utaona: chini ya mfuniko zimening'inia sindano nyembamba kama nywele, na ukizigusa kwa ncha ya kidole zinapotea. Pandisha joto hadi nyuzi 80 na uondokaji huo, uliokuwa wa miezi, unakuwa wa dakika.

Haipatani na maji. Lita nzima ya maji huyeyusha kama nusu gramu tu. Kwenye mafuta, nta laini na alkoholi huyeyuka vizuri sana.

Ubaridi wake ni wa neva. Miisho ya neva za ngozi ina protini iitwayo TRPM8 ambayo hufunguka ngozi inapopoa, na mentoli huifungua bila ngozi kupoa. Weka kipimajoto pale ulipopaka: hakitashuka kwa sababu ya mentoli. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ngozi inayohisi baridi haiwezi kuungua. Inaweza, na mara nyingine mtu huchelewa kujua.

## Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi ni vya gramu 100 za marhamu:

- Mafuta ya mgando yasiyo na manukato: gramu 60
- Nta ya nyuki: gramu 12
- Mafuta ya maji ya kupikia yasiyo na harufu, kama ya alizeti: gramu 17
- Fuwele za mentoli: gramu 6
- Kafuri: gramu 4
- Mafuta ya mkaratusi: gramu 1

Na vyombo: mizani inayosoma hadi gramu 0.1, kipimajoto cha kuzamisha, sufuria pana ya maji, chombo cha kioo kinachostahimili moto au cha chuma kisichoshika kutu chenye mfuniko, kichupa cha kioo chenye kizibo cha kubana, fimbo ya kioo au kijiko cha chuma, glavu, miwani ya kinga, na makopo ya kioo au ya bati yenye mifuniko ya kubana.

Kuhusu mizani, hapana mjadala. Kijiko kimoja cha sindano ndefu kimejaa hewa. Kijiko hicho hicho cha mentoli iliyosagwa kinaweza kubeba karibu mara mbili ya uzito. Anayepima kwa kijiko hutengeneza dawa mpya kila mara.

Mwiko wa mbao uuache kwenye ndoano yake. Mbao hunywa mentoli, na wiki tatu baadaye uji utakuwa na ladha ya peremende.

Plastiki nyembamba laini nayo haifai, maana mentoli hupenya humo na kuondoka, na ile plastiki ngumu inayovunjika kama kioo hulainika na kupasuka.

### Majina yanayopoteza watu

Ukiambiwa unaweza kutumia "parafini" badala ya mafuta ya alizeti, fahamu kinachosemwa ni parafini ya maji ya daraja la dawa, mafuta meupe yasiyo na harufu. Mafuta ya taa, ambayo wengine pia huyaita parafini, hayagusi ngozi wala hayaingii katika kazi hii.

Kafuri nayo isichanganywe na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini. Vingi kati ya vidonge hivyo ni naftalini, ambayo ni sumu. Nunua kafuri iliyoandikwa ni ya matumizi ya dawa.

Mafuta ya mnanaa si mentoli tupu. Mafuta ya peremende, aina mojawapo ya mnanaa, kwa kawaida yana mentoli asilimia 30 hadi 55, kwa hiyo gramu 6 za mafuta haziwezi kushika nafasi ya gramu 6 za fuwele. Kuna pia mnanaa wa bustanini, ule wa kutia kwenye chai, ambao harufu yake kuu hutoka kwa kemikali iitwayo kavoni. Kavoni hunukia vizuri lakini haipoozi kama mentoli. Ajabu ya kavoni ni kwamba molekuli yake ikigeuzwa kama taswira ya kwenye kioo, haitoi tena harufu ya mnanaa, inanuka kama kisibiti.

## Hatua ya 1: Pima ukweli wa fuwele zako

Weka fuwele chache katika kichupa kikavu cha kioo, funga, kisha kizamishe katika maji yaliyopimwa nyuzi 40. Subiri dakika tano. Mentoli ya asili iliyo safi inabaki ngumu.

Ongeza maji ya moto hadi yafike nyuzi 46. Fuwele zinapaswa kulegea pembeni kwanza, kisha kuwa kimiminika angavu kama maji, bila vumbi chini na bila rangi ya njano.

Zikiyeyuka mapema, kwenye nyuzi 35 au 38, kuna uwezekano wa mambo mawili. Ama ni mentoli ya kiwandani yenye molekuli za pande zote mbili, ya kulia na ya kushoto, ambayo huyeyuka chini zaidi na ubaridi wake ni hafifu. Ama imechanganyika na kitu kingine. Zisipoyeyuka kabisa kwenye nyuzi 46, umeuziwa chumvi au kitu kingine, na hakuna hatua ya pili.

Kipimo cha ziada: weka chembe moja kwenye kijiko cha chuma juu ya mvuke wa maji yanayochemka, dirisha likiwa wazi na uso wako ukiwa mbali. Mentoli safi hutoweka yote. Kikibaki kitu kwenye kijiko, hicho ulicholipia si mentoli.

## Hatua ya 2: Geuza mentoli na kafuri kuwa kimiminika bila moto

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa marhamu.

Tia gramu 6 za mentoli na gramu 4 za kafuri ndani ya kichupa cha kioo kikavu. Funga. Tikisa, kisha acha mezani. Ndani ya dakika chache zile yabisi mbili zinaanza kulowana zenyewe, kama sukari iliyowekwa penye unyevu, na baada ya nusu saa hivi unakuwa na kimiminika angavu. Hakuna moto uliowashwa.

Sababu ni kwamba kila moja huvuruga mpangilio wa fuwele za mwenzake, hivyo mchanganyiko huyeyuka kwenye joto la chini kuliko mentoli peke yake au kafuri peke yake. Mentoli peke yake inataka nyuzi 42 na zaidi. Kafuri peke yake inataka karibu 175. Zikiwa pamoja kwa kiasi hiki, joto la chumba linatosha.

Faida ni mbili. Kwanza, huingizi fuwele ngumu kwenye nta, kwa hiyo hakuna bonge litakalobaki bila kuyeyuka na kuunguza ngozi ya mtu. Pili, kafuri inaendelea kuizuia mentoli isijipange tena kuwa fuwele hata baada ya marhamu kuganda.

Chumba kikiwa baridi na mchanganyiko ukasita, shika kichupa kwenye maji ya nyuzi 40, kikiwa kimefungwa. Kikishakuwa angavu, ongeza gramu 1 ya mafuta ya mkaratusi, funga tena, weka kando.

Usiyeyushe hata chembe chache za mwisho kwa kuchochea moto. Zipe muda. Kimiminika chenye ukungu kina maji ndani: kichupa hakikuwa kikavu.

## Hatua ya 3: Yeyusha msingi

Weka sufuria ya maji motoni, maji yafike nusu ya chombo utakachoweka ndani. Katika chombo hicho tia nta iliyokwanguliwa, mafuta ya mgando na mafuta ya alizeti.

Kuyeyusha juu ya maji si urembo. Nta ya nyuki inataka nyuzi 62 hadi 65 tu. Chombo kikikalia maji hakiwezi kuvuka 100, lakini chombo kinachokaa juu ya moto moja kwa moja huweza kupita hapo bila wewe kuona dalili. Mvuke wa mentoli unaweza kushika moto kimiminika chake kikifika karibu nyuzi 93. Maji ndiyo mlinzi wako, basi yasikauke.

Koroga polepole hadi kipimajoto kisome 70 na usione kipande cha nta. Msingi uliokamilika ni angavu, wa manjano mepesi, na hauna michirizi ukiinua fimbo.

Zima moto. Dondosha tone moja kwenye kisahani kilichotoka kwenye jokofu, subiri dakika mbili, bonyeza kwa kidole. Linapaswa kuwa gumu kidogo kuliko marhamu unayoitaka, kwa kuwa gramu 11 za kimiminika zinazokuja zitalilainisha. Likiwa laini sasa, ongeza gramu 1 ya nta. Unakoishi kukiwa na joto kali, anza na nta gramu 15 na mafuta ya alizeti gramu 14, jumla haibadiliki.

## Hatua ya 4: Subiri

Toa chombo kwenye maji, kifute chini, kiweke juu ya kitambaa kikavu. Koroga taratibu, tazama kipimajoto.

Unatafuta dirisha dogo: nyuzi 55 hadi 60. Juu ya hapo mentoli inapaa na kukuacha. Chini ya hapo nta inaanza kujishika pembeni, na utakachokoroga ni uji wenye mabonge. Katika vipimo hivi dirisha hilo hukaa dakika chache tu, kwa hiyo uwe umevaa glavu na miwani kabla, dirisha la chumba liko wazi, na makopo yamepashwa joto kidogo na kukauka.

Uvumilivu wa dakika hizi ndio tofauti kati ya marhamu na mafuta yenye harufu. Ukiona ukungu mweupe ukipanda au macho yanawasha mara tu unapomimina mentoli, ulikuwa na haraka.

## Hatua ya 5: Ingiza mentoli, funika, pima

Weka chombo chenye msingi kwenye mizani na uandike uzito. Pima na kichupa chako kikiwa kimejaa.

Msingi ukisoma 58 hivi, mimina kimiminika chote kwa mkupuo mmoja mwembamba huku unakoroga. Funika mara moja. Zungusha chombo kwa mkono kama sekunde 30, funua, koroga kuanzia chini na pembeni kwa sekunde 30 nyingine, funika tena.

Sasa pima chombo tena, na kichupa kitupu. Uzito ulioongezeka kwenye chombo ukilingana na uliotoka kwenye kichupa, mentoli yako ipo. Ikipungua gramu nzima, sehemu kubwa ya hiyo ni mentoli, kafuri na mkaratusi vilivyopaa. Usiijazie kwa kukisia, andika tu kwamba kundi hili ni hafifu na wakati mwingine ingiza kwenye joto la chini kidogo.

Nta ikianza kushika ukutani kabla hujamaliza, rudisha chombo, kikiwa kimefunikwa, kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika moja. Usiwashe moto tena.

## Hatua ya 6: Mimina na kupoza

Mimina ikiwa juu kidogo ya nyuzi 52. Jaza kopo hadi milimita chache kutoka ukingoni. Nafasi kubwa ya hewa ni ghala la mvuke wa mentoli.

Kufunika ndipo wengi hukosea tena. Ukikaza mfuniko marhamu ikiwa moto, mvuke hupanda, unagusa bati lililopoa, na kesho yake una sindano nyeupe juu na ubaridi uliopungua chini. Ukiacha wazi usiku kucha, unapoteza mentoli hewani. Njia ya kati: laza kipande cha karatasi ya kuokea juu ya kopo, subiri hadi uso ugande na kopo liwe vuguvugu kidogo tu mkononi, kisha kaza mfuniko.

Usiweke kwenye jokofu ili kuharakisha. Kupoa ghafla hufanya nta isinyae na kuacha shimo katikati, na uso hupasuka.

Marhamu iliyofaulu ina uso laini unaong'aa hafifu, kidole kinazama bila kukwaruza, na ukiisugua kati ya vidole viwili huhisi hata punje moja.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kumpa mtu

Acha siku nzima. Paka kiasi cha punje ya dengu kwenye ngozi safi ya upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko. Ubaridi unapaswa kuja ndani ya dakika chache. Wekundu mwepesi unaoisha ni wa kawaida. Malengelenge, uvimbe au maumivu ya kuungua si ya kawaida: futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Ukianza na maji matupu hayatasaidia, kwa sababu mentoli haiyeyuki humo.

Weka kopo moja mahali baridi kwa wiki mbili ulitazame. Chembe zikitaka kujitokeza, zitaanza huko.

## Mipaka isiyovukwa

Nchini Marekani, dawa za kupaka za maumivu ya misuli zinazouzwa bila cheti cha daktari huruhusiwa mentoli asilimia 1.25 hadi 16, na za kutuliza muwasho asilimia 0.1 hadi 1. Kafuri hairuhusiwi kuvuka asilimia 11. Fomula hii, yenye mentoli asilimia 6, ni ya kuchua tu. Kwa muwasho ni kali mno.

Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitoa onyo kuhusu watu waliopata majeraha ya kuungua kutokana na dawa za kuchua, nyingi zikiwa na mentoli zaidi ya asilimia 3 au mentoli pamoja na methili salisileti, kiambato kingine cha dawa za kuchua. Kwa hiyo usiongeze mafuta ya methili salisileti kwenye fomula hii ukidhani unaiboresha. Usiifunge kwa bandeji. Usiweke chupa ya maji ya moto juu yake.

Isipakwe kwenye jeraha, karibu na macho, ndani ya pua au sehemu za siri. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipakwe kabisa, na hata aliyezidi umri huo asipakwe puani au usoni: mentoli inaweza kumfanya mtoto akabwe na pumzi. Kafuri ikimezwa na mtoto huleta degedege, na kiasi kidogo kinatosha. Mjamzito na anayenyonyesha waulize mtaalamu kwanza. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 15 na uende hospitali.

## Ikikuharibikia

Chembe kama mchanga zinazoyeyuka ukizishika kidoleni na kuacha baridi kali ni mentoli iliyojipanga upya. Pasha kopo, likiwa limefungwa, kwenye maji ya nyuzi 60 hadi yote yawe kimiminika, lifungue likishapoa kidogo, ongeza mafuta ya alizeti gramu 3 kwa kila gramu 100, koroga, acha igande polepole.

Chembe zinazoyeyuka bila baridi si za mentoli. Zinatoka kwenye msingi, hasa kama ulibadilisha mafuta ya mgando kwa siagi ya shea, ambayo ikipoa polepole hutoa punje zake yenyewe. Hiyo hupashwa yote hadi iyeyuke kisha hupozwa haraka kidogo, kinyume na nilivyosema juu.

Matone yanayotoka jasho juu ya uso yanaonyesha nta haitoshi kwa joto la hapo ulipo. Yeyusha nta gramu 2 pamoja na sehemu ndogo ya marhamu, kisha changanya na iliyobaki kwenye nyuzi 58.

Harufu kali na ubaridi hafifu kwa pamoja kwa kawaida ni mkaratusi umebaki na mentoli imeondoka, au fuwele zako hazikuwa ulichodhani. Rudi Hatua ya 1 na fuwele zilezile.

Na harufu ya mafuta yaliyochina baada ya miezi ni alizeti, si mentoli. Kopo hilo litupe. Kwa kundi linalofuata tumia parafini ya maji ya daraja la dawa, uzito uleule, na uliweke mbali na jua.